Lambo likijaa tope: hesabu ya maji, udongo na miti kule Lafey

Lambo lenye uso wa mita 60 kwa 60 hupoteza takriban lita 25,000 za maji kila siku kabla mbuzi hata mmoja hajainamisha shingo. Mnyang'anyi ni jua akisaidiwa na upepo. Kaskazini Mashariki mwa Kenya viwili hivyo vina nguvu ya kunyonya zaidi ya milimita 2,500 za kina cha maji kwa mwaka, karibu milimita 7 kwa siku. Mvua ya Mandera ya mwaka mzima ni kama milimita 255 tu. Zidisha milimita 7 kwa mita za mraba 3,600 na utapata lita 25,200, sawa na mitungi 1,260 ya lita 20. Mashirika ya misaada huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini kabisa. Kwa kipimo hicho, kinachopotea hewani kwenye lambo moja kwa siku moja kingewatosha watu 1,680.

Lafey iko kati ya Elwak na mji wa Mandera, ubavuni mwa mpaka wa Somalia. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 83,457 katika kaunti ndogo ya Lafey, kati ya watu 867,457 wa Mandera yote. Mto Daua hupita kaskazini kabisa mwa kaunti, kwenye mpaka wa Ethiopia, wala haumnyweshi mtu wa Lafey. Kilichopo huku ni visima virefu, ambavyo vingine hutoa maji ya chumvi, na malambo ya kukinga maji ya mvua, ambayo wenyeji huyaita war. Mvua zikiwa njema lambo hujaa mara mbili kwa mwaka: msimu wa Gu kuanzia Machi au Aprili, na Deyr kuanzia Oktoba. Kati ya misimu hiyo kuna Hagaa, na baada ya Deyr kuna Jilaal, ile miezi mikali ya Januari hadi Machi inayotenganisha mfugaji na mali yake.

Kuhusu utunzaji wa maliasili katika eneo kama hili, baraza zimeitishwa nyingi. Wazee wameketi chini ya mgunga, mgeni ameeleza umuhimu wa miti, fulana zimegawiwa, picha zimepigwa. Nionavyo mimi, juhudi nyingi za namna hiyo humfundisha mfugaji jambo ambalo angeweza kumfundisha mwalimu wake. Hakuna mtu Lafey asiyejua kwamba mti ukikatwa juu ya laga, ule mkondo unaopitisha maji wakati wa mvua tu, lambo lililo chini litajaa tope. Kinachomshinda ni hesabu: gharama ya kutunza humwangukia mtu mmoja au kijiji kimoja, na faida huenda kwa yeyote atakayefika na ngamia wake. Hesabu hiyo ndiyo nitakayoifungua hapa, kwa tarakimu ambazo msomaji anaweza kuzipiga mwenyewe nyuma ya bahasha.

Milimita moja ya udongo

Turudi kwenye lambo letu. Tuchukue kwamba lilipochimbwa lilikuwa na kina cha wastani cha mita 2.8, kwa hiyo lilishika takriban mita za ujazo 10,000. Jilaal ya siku 90 hulinyang'anya mita za ujazo 2,268 kwa mvuke. Zinabaki 7,732 za kunywa, tukiacha kando zinazopenya ardhini. (Lambo la kweli lina kingo za mteremko na uso wake husinyaa kadiri maji yanavyoshuka, kwa hiyo mvuke halisi utapungua kidogo. Hoja haibadiliki.)

Sasa lijaze tope nusu. Ujazo umeshuka hadi 5,000, lakini uso ni uleule wa mita 60 kwa 60, na jua halijui kwamba maji yamepungua. Linachukua 2,268 zake kama kawaida. Zinabaki 2,732. Tazama kilichotokea: tope limechukua nusu ya lambo, lakini maji ya kunywa yamepungua kwa karibu theluthi mbili. Ndiyo maana wenye malambo huona kana kwamba lambo limekufa ghafla mwaka mmoja, ilhali limekuwa likifa kidogo kidogo kwa miaka kumi.

Tope hilo linatoka wapi? Hektari moja ikipoteza milimita moja tu ya udongo, unene usiozidi ukucha, huo ni udongo wa mita za ujazo 10. Eneo la hektari 500 linalomwaga maji yake kwenye lambo likipoteza milimita hiyo moja, mita za ujazo 5,000 zimeng'oka. Tuseme ni sehemu moja kati ya kumi tu inayofika lamboni, nyingine ikinaswa njiani na majani na vichaka. Hizo ni mita za ujazo 500 kwa mwaka, na miaka kumi inatosha kujaza nusu ya lambo. Ondoa vichaka, acha udongo uchi, na sehemu hiyo moja kati ya kumi inakuwa mbili au tatu. Miaka kumi inakuwa mitano au mitatu. Mvua ya huku nayo hainyeshi kwa adabu. Milimita 255 huweza kushuka kwa dhoruba chache tu, laga ikashuka nyekundu kwa saa mbili na kukauka jioni.

Twende kwa wanywaji. Tuweke familia 150 za watu sita sita kulizunguka lambo: watu 900, lita 15 kila mmoja, siku 90, ni mita za ujazo 1,215. Tuwape mbuzi na kondoo 3,000, wanaohitaji kama lita 4 kwa siku kila mmoja: mita za ujazo 1,080. Ngamia 200 wanaonyweshwa mara moja kwa wiki, lita 100 kwa kila mnyama: 260. Jumla ni 2,555.

Katika lambo lenye kina, baada ya wenyeji wote kunywa Jilaal nzima, zinabaki mita za ujazo 5,177. Katika lambo la tope zinabaki 177.

Sasa ngoja mgeni afike. Mgeni ni mfugaji kutoka upande ambako hakukunyesha, ana ngamia 200, na kwa desturi hafukuzwi. Kundi lake litahitaji mita za ujazo 260 hadi mvua inyeshe. Lambo lenye kina lingeweza kupokea makundi 19 ya namna hiyo. Lambo la tope haliwezi kupokea hata moja. Wenyeji ni walewale, imani yao ni ileile, ukarimu wao haujapungua. Kilichobadilika ni udongo ulioingia lamboni. Tunaposoma kwamba koo fulani zimegombania maji, mara nyingi tunaelezwa historia ya uhasama, siasa za mipaka na bunduki zinazovuka kutoka Somalia. Yote hayo yapo. Mapigano ya Wagarre na Wamurule eneo la Elwak mwaka 2004 na 2005 yalikuwa na mizizi mingi. Lakini mwenye kutaka amani na asijue lambo lina kina gani anazungumza akiwa amefumba jicho moja.

Lori lina mwenyewe

Lambo likikauka, linakuja lori. Watu 83,457 kwa lita 15 ni lita 1,251,855 kwa siku, na kwa malori ya lita 10,000 hiyo ni safari 125 kila siku. Tuseme safari ni kilomita 60 kwenda na 60 kurudi, lori linakunywa lita moja ya dizeli kwa kila kilomita tatu katika barabara zile, na dizeli ni Sh 180 kwa lita. Safari moja itachoma lita 40, yaani Sh 7,200. Hapo hatujamlipa dereva wala utingo, hatujabadilisha tairi lililopasuliwa na mawe, hatujalipia ulinzi katika eneo ambalo magari hulazimika kusubiri askari, wala mwenye lori hajapata faida.

Si kila mtu atategemea lori, kwa hiyo tuchukue theluthi moja tu ya watu. Mafuta peke yake yatakuwa Sh 300,000 kwa siku, na kwa siku 90 Sh milioni 27. Maji hayo yatanywewa, yatakwisha, na mwaka ujao hesabu itaanza upya.

Kuondoa tope la mita za ujazo 5,000 kwa mikono, kwa beleshi na toroli, tukilipa Sh 500 kwa kila mita ya ujazo iliyochimbwa na kumwagwa nje ya ukingo, ni Sh milioni 2.5. Mafuta ya Jilaal moja yangesafisha malambo kumi, chenji ibaki. Ukilipima lambo moja peke yake, likijaa Gu na Deyr baada ya kusafishwa litakuwa limeongeza mita za ujazo 10,000 kwa mwaka, mzigo wa malori 1,000, mafuta ya Sh milioni 7.2. Gharama ya kuchimba inajirudisha kabla mwaka haujaisha.

Hapa pana sharti ambalo halifai kufichwa: lambo halileti mvua. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha, na zaidi ya mifugo milioni 2.5 ikafa katika kaunti kame za Kenya. Katika kipindi kama kile lambo lenye kina cha mita tatu na lenye kina cha mita moja yote huwa vumbi, na lori ndilo linaloshika roho za watu. Lambo lenye kina linafaa katika miaka ya katikati, ile ambayo mvua imenyesha kiasi lakini Jilaal inazidi urefu kwa wiki tatu. Miaka hiyo ni mingi, na ndiyo inayoamua mfugaji ataingia kwenye ukame mkubwa akiwa na mbuzi mia au ishirini.

Basi kwa nini tope halichimbwi? Fedha si kisingizio. Mgao wa Mandera kutoka serikali kuu ulipangwa kuwa takriban Sh bilioni 11.19 kuanzia mwaka wa fedha wa 2021/22, kama Sh 12,900 kwa kila mkazi. Sh milioni 2.5 za lambo moja ni chini ya robo ya sehemu moja kati ya elfu ya fedha hizo. Tatizo ni kwamba lori lina mwenyewe na tope halina. Ukame ukitangazwa, kuna fedha za dharura, kuna zabuni, kuna gari lenye bango, kuna kiongozi wa kupigwa picha akifungua mfereji. Tope huingia wakati wa mvua, wakati kila mtu anafurahi, na hakuna anayelitangaza kuwa janga. Hesabu za kitaifa zina historia hiyohiyo: Waraka Na. 10 wa 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyoonekana kuwa na rutuba na mvua, na kaskazini ikabaki mahali pa kupelekewa askari na chakula cha msaada. Ugatuzi wa 2013 ulileta fedha Mandera. Tabia ya kungoja janga ndipo fedha zitoke haikubaki Nairobi, nayo iligatuliwa.

Miche na mti uliosimama

Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, kwenye hekta milioni 10.6, ili eneo lenye miti lifike asilimia 30. Tathmini ya misitu ya 2021 ilikuwa imepata asilimia 12.13. Novemba 13, 2023 ikatangazwa kuwa sikukuu ya kupanda miti. Nia ni njema, lakini mche hauishi kwa nia.

Mche mmoja Lafey, ukipewa lita 5 mara mbili kwa wiki kwa wiki 12 za Jilaal, utakunywa lita 120. Miche 1,000 itakunywa lita 120,000, malori 12, maji ambayo watu 900 wa kijiji chetu wangeyatumia kwa karibu siku tisa. Mafuta ya kuyaleta ni Sh 86,400, yaani Sh 86 kwa kila mche kwa msimu mmoja, na hapo hakuna aliyeuzuia mdomo wa mbuzi. Mtu anayekwenda kuhamasisha mama wa Lafey apande miti ishirini amemwomba, bila kujua, aipe miche lita 2,400 kutoka kwenye mitungi anayobeba kwa punda. Akikataa, si kwamba hajaelimika.

Mti uliosimama tayari hauhitaji mtungi hata mmoja. Mizizi yake iko chini, kivuli chake kinapunguza joto la udongo, majani yake yaliyoanguka yananasa ile milimita moja. Kuuacha ukiwa hai ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo ambayo haitangazwi kwa sababu hakuna idadi ya kuripoti. Nani ataandika kwamba mwaka huu miti 40,000 haikukatwa?

Tena mti wa huku una bei ukiwa hai. Mandera, Wajir na Garissa hutoa manemane, ubani, utomvu wa hagar na gundi ya mgunga, bidhaa zilizouzwa katika pwani ya Bahari ya Hindi tangu enzi za majahazi. Mavuno hukusanywa na wachungaji na wanawake wakati wa kiangazi, wakati ambapo maziwa yamepungua na mapato mengine yamekauka. Mkusanyaji hupata sehemu ndogo ya bei ya mwisho, kwa sababu anauza kilo mbili tatu kwa mwenye duka wa karibu, na duka huuza kwa lori. Kuwaunganisha wakusanyaji ishirini wauze gunia badala ya kilo kungeulinda mti vizuri kuliko mabango mia. Na jamii hiyohiyo ya miti ya manemane ina sifa nyingine: tawi lake likichomekwa ardhini wakati wa mvua huota. Boma la mifugo lililojengwa kwa matawi hayo linakuwa uzio hai. Boma la miiba iliyokatwa huoza na kuliwa na mchwa, na familia inapohama hukata jingine.

Kwa upande wa kupanda kusikopimwa, Wakenya wana somo la mathenge. Mti huo ulipandwa Baringo miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ukafanikiwa kupita kiasi, ukameza malisho na njia za maji. Wakazi waliishtaki serikali na kumleta mahakamani Nairobi mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake. Tulicheka sote. Leo mathenge umeshika kingo za Tana upande wa Garissa, na kicheko kimepungua.

Kuni nazipitia haraka, kwa kuwa hesabu yake ni rahisi na inatisha. Kilo moja kwa mtu kwa siku, kwa Lafey nzima, ni tani 83 kila siku, tani 30,000 kwa mwaka. Matawi makavu yaliyoanguka yanaweza kubeba sehemu kubwa ya mzigo huo watu wakiwa wametawanyika. Wakikusanyika kwenye kituo kimoja hayawezi. Makaa ni habari nyingine: tanuri la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 za makaa kwa kila kilo 100 za kuni, kwa hiyo gunia la kilo 40 limemeza kilo 200 hadi 400 za mti. Anayetaka kuona kipimo kikubwa aende Dadaab, Garissa. Kambi za wakimbizi zilifunguliwa 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000; baada ya ukame wa 2011 zilibeba zaidi ya 460,000. Mwisho wa miaka ya 1990 shirika la Ujerumani la GTZ lilianza kugawa kuni kambini, kwa sababu wanawake walikuwa wakibakwa wakienda kuokota porini. Tathmini ya 2001 ilikuta mgao unakidhi takriban asilimia 11 ya matumizi ya nyumbani. Asilimia 89 iliendelea kutoka porini, na wanaoitafuta waliendelea kwenda.

Nani ana uwezo wa kusema hapana

Kutunza lambo kunahitaji mtu wa kumwambia mwenzake: hapa hukati, hapa hulishi hadi Februari, lambo hili ni la watu na lile ni la ngamia. Anayesema hivyo lazima awe na mamlaka, la sivyo anatafuta ugomvi. Kaskazini Mashariki haikukosa busara hiyo. Wajir, baada ya mapigano yaliyozuka wakati wa ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walianzisha juhudi zilizowafikisha wazee kwenye Azimio la Al-Fatah la 1993. Mwaka 2001 wawakilishi wa wilaya za kaskazini wakakubaliana Modogashe, na miongoni mwa masharti ya azimio hilo ni kwamba mfugaji anayetaka kuingia malisho ya wengine aombe idhini ya wazee wa huko kwanza. Hilo ndilo sharti la uhifadhi lililo muhimu kuliko yote, na halikuandikwa na mtaalamu wa misitu.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilikuja kuipa busara hiyo meno. Jamii inajisajili, inakuwa na hati, inachagua kamati ya watu 7 hadi 15, inaweka kanuni za malisho na maji. Mpaka isajiliwe, ardhi inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba yake. Tatizo liko kwenye tarakimu. Akidi ya mkutano wa jamii ni theluthi mbili ya wanachama. Jamii yenye watu wazima 4,000 inahitaji watu 2,667 mahali pamoja, siku moja. Kati yao wangapi wako na ngamia ng'ambo ya Elwak, wangapi wana duka Eastleigh, Nairobi, wangapi wako Minnesota, Marekani, wakituma fedha? Sheria hii ilitungwa na watu waliozoea mikutano ya vijiji visivyohama. Usajili Kaskazini Mashariki umekwenda polepole, na sehemu ya sababu ni hiyo.

Njia ya mkato nayo ina gharama. Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi kule Isiolo iliamua kwamba hifadhi za jamii za Biliqo-Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria, wananchi wakiwa hawajashirikishwa ipasavyo. Miaka ya kazi, magari, walinzi na mikataba ya kuuza kaboni, vyote vikaingia mashakani kwa sababu ya mikutano ambayo haikufanywa sawasawa mwanzoni. Akidi ni ghali. Kuikwepa kunaweza kuwa ghali zaidi.

Lakini Garissa ina mfano wa upande mwingine. Ijara, wafugaji wa Kisomali walianzisha hifadhi ya Ishaqbini mwaka 2007 kwa ajili ya hirola, swala ambaye dunia nzima imebaki na wasiozidi 500 hivi, kutoka maelfu ya miaka ya 1970. Mwaka 2012 wakazungusha uzio wa kuzuia wanyama wakali kwenye kilomita za mraba kama 27 na kuingiza hirola 48. Kufikia 2016 walikuwa 97. Uzio na walinzi vimegharamiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili, kwa hiyo si mfano wa kujitegemea, lakini unathibitisha jambo ambalo wahamasishaji wangepaswa kulitafakari: ardhi ile ilitengwa na wazee wenyewe, kwa ajili ya mnyama asiyetoa maziwa wala nyama ya biashara. Waliokubali kumtengea swala ardhi hawashindwi kutenga hekta 20 juu ya lambo lao.

Daftari la lambo

Tupige hesabu ya mwisho, ya kijiji kujilipia. Lambo letu linatoza Sh 10 kwa ngamia anaponywa na Sh 2 kwa mbuzi, watu hawatozwi. Ngamia 200 mara 13 katika Jilaal ni Sh 26,000. Mbuzi 3,000 wakinywa kila siku ya tatu, mara 30, ni Sh 180,000. Jumla Sh 206,000. Walinzi wawili kwa Sh 9,000 kila mmoja kwa miezi mitatu wanachukua 54,000. Zinabaki 152,000, ambazo kwa Sh 500 zinachimba mita za ujazo 304. Hagaa nayo ikileta kiasi hichohicho, ni mita za ujazo 608 kwa mwaka, dhidi ya tope la 500 linaloingia. Lambo linajilipia, kwa ziada ndogo ya 108.

Ziada hiyo inategemea mambo mawili. La kwanza ni kwamba tope lisizidi 500, na hapo ndipo vichaka vya juu vinapoingia kwenye daftari kwa shilingi kamili: tope likipanda hadi 1,000, kijiji kinakosa mita za ujazo 392 kila mwaka, deni la Sh 196,000. Mlinzi anayezuia shoka kwenye hektari 500 analipwa Sh 9,000 kwa mwezi na kuokoa zaidi ya hiyo. La pili ni kwamba mvua inyeshe. Msimu ukikosa mvua hakuna maji, hakuna ada, hakuna fedha ya kuchimba, na kwa kejeli ya mambo ndiyo wakati ambapo sakafu nzima ya lambo iko wazi na inachimbika.

Hapo ndipo fedha ya nje ina nafasi yake halali. Mpango wa serikali wa kuzinusuru familia dhidi ya njaa umekuwa ukizilipa familia zilizosajiliwa Mandera, Wajir, Marsabit na Turkana Sh 2,700 kwa mwezi. Watu 100 wakichimba mita moja ya ujazo kila mmoja kwa siku, wangeondoa tope la mita 5,000 kwa siku 50, na kila mmoja angepata Sh 25,000, zaidi ya malipo ya miezi tisa ya mpango huo. Mfuko wa mabadiliko ya tabianchi uliojaribiwa Isiolo, kisha Garissa, Wajir, Kitui na Makueni, tayari una mgawanyo unaofaa: asilimia 70 kwa miradi iliyochaguliwa na kamati za wadi, 20 kwa miradi ya kaunti nzima, 10 kwa uendeshaji.

Kilichobaki ni kalenda. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza Julai 1. Siku 50 za kuchimba lazima ziingie kati ya Januari na katikati ya Machi, kabla Gu haijalijaza lambo tena. Kwa hiyo kamati inayotaka kuchimba Februari inatakiwa kufikisha ombi lake kwenye bajeti ya kaunti kabla ya Juni iliyotangulia, miezi minane mapema, huku lambo likiwa na maji, ngamia wakiwa wamenona, na malori ya maji yakibeba saruji kwenda mjini.